Si kila kikohozi cha mvuta sigara ni kifua kikuu



Katika safu yetu ya leo tutazungumzia sigara na saratani ya mapafu. Najua wapo watakaosema kuwa jambo hili limeshasemwa sana, hata kwenye pakiti yenyewe limeandikwa. Ni kweli. Lakini yapo mambo mawili ambayo sisi matabibu wa zahanati za huku pembezoni mwa jiji, kuanzia Mbagala na Chamazi mpaka Bunju, tunakutana nayo kila mara na sioni yakielezwa vya kutosha.

La kwanza ni la yule anayesema, "Mimi si mvutaji, naonja tu, mbili tatu kwa siku." La pili ni la mtu anayekohoa mwezi wa tano huu, ameshakunywa dawa za kila aina, na bado anaamini kuwa ni kifua kikuu kwa sababu ndicho anachokijua. Mambo haya mawili mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja, na ndipo hatari ilipo.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Duniani kote hakuna saratani inayoua watu wengi kuliko ya mapafu. Kwa mwaka 2022 peke yake ilikadiriwa kuwa wagonjwa wapya walikuwa milioni 2.5, na waliofariki milioni 1.8. Hapa kwetu haimo katika nafasi za juu. Ukienda Taasisi ya Saratani Ocean Road utakuta wengi ni kina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti.

Sababu moja ya hali hiyo ni ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, nayo ni kwamba Watanzania wengi hawavuti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima wanaotumia tumbaku kwa namna yoyote ni asilimia 8.7, wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Sababu nyingine haina heri ndani yake. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho wala hausikiki kwa kuweka kifaa kifuani. Unahitaji picha ya eksirei, kipimo cha CT, na kipande cha nyama kilichochukuliwa kutoka pafuni na kuangaliwa kwa darubini. Mzee aliyekohoa miezi sita akafia nyumbani bila kipimo chochote, majirani husema "alikuwa na kifua", na hesabu yake inaishia hapo makaburini.

Ushahidi ulivyopatikana

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza waliona vifo vya saratani ya mapafu vinapanda kwa kasi ya kutisha. Wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, wakapewa kazi ya kutafuta chanzo. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na mwanzoni alidhani wa kulaumiwa ni lami ya barabara mpya au moshi wa magari. Wakawahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London. Katika wanaume 649 waliokuwa na saratani ya mapafu, ambao hawakuwahi kuvuta walikuwa wawili tu. Ripoti ilichapishwa Septemba 1950. Kabla haijatoka, Doll alikuwa ameshaacha sigara.

Nimelitaja hili kwa sababu maneno yale yale ya Doll ya mwanzoni ndiyo tunayoyasikia vijiweni: "Vumbi la Mbagala na moshi wa daladala ndio unaotumaliza, si hii fegi." Moshi wa magari una madhara yake na sikatai. Moshi wa kuni na mkaa jikoni nao una madhara yake kwa kina mama zetu. Lakini vumbi na moshi wa magari tunauvuta sote, mvutaji na asiyevuta. Pamoja na hayo, mvutaji wa sigara ana uwezekano wa kupata saratani ya mapafu mara 15 hadi 30 zaidi ya jirani yake asiyevuta.

Hapa niingize neno moja kwa ndugu zangu tuliopita madrasa. Mimi si mufti, na safu hii ni ya afya. Lakini ni vizuri kukumbuka kuwa tumbaku ni mmea wa bara la Amerika. Maimamu wa madhehebu manne hawakuiona wala kuisikia. Iliingia katika nchi za Waislamu takribani miaka 400 iliyopita, na wanazuoni wa wakati huo wakatofautiana sana. Wapo walioiharamisha, wapo walioichukia, na wapo walioihalalisha, kama Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus aliyefariki mwaka 1731. Miongoni mwa hoja za waliohalalisha ni kuwa asili ya vitu ni uhalali, na kwamba madhara yake hayajathibitika. Sasa, mtu wa leo anayejificha nyuma ya kauli hizo za zamani ajiulize: je, masheikh hao walikuwa na zile hesabu za mwaka 1950 mezani kwao? Kama Mtume (SAW) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti kwa ajili ya harufu tu, basi suala la kitu kinachoua si la kulichukulia kwa wepesi. Waulizeni masheikh. Mimi narudi kwenye mapafu.

Moshi unafanya nini ndani

Njia za hewa zimetandikwa utando wenye ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivi hupepea usiku na mchana kuelekea juu, vikiusukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu mpaka kooni. Ni mfano wa wafagiaji ambao hawapumziki. Moshi wa sigara unawapoozesha wafagiaji hawa, na ukiendelea miaka mingi unawaua kabisa. Ndiyo maana mvutaji hukohoa sana alfajiri: usiku hakuvuta, vinyweleo vilivyobaki vimezinduka, na sasa vinasukuma uchafu wa jana.

Ndani ya moshi huo kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 70 zinajulikana kuwa zinaleta saratani. Humo kuna benzini, kuna aseniki ambayo ni sumu ya panya, kuna fomalini ile ya kuhifadhia maiti. Iliyochunguzwa zaidi inaitwa benzopirini. Mwili unapojaribu kuivunjavunja ili uitoe, unaigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye vinasaba vya chembe hai za pafu. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa inanata hasa katika sehemu zile zile za kinasaba kiitwacho p53 ambazo hukutwa zimeharibika kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Kazi ya kinasaba hicho ni ulinzi: chembe ikianza kuharibika, huizuia isizaliane au huiamuru ife. Mlinzi akishaondolewa, chembe mbovu huzaa mbovu mwenzake.

Kazi hii haifanyiki kwa siku moja. Inachukua miaka 20, 30 au zaidi. Kijana aliyeanza na kipisi cha kuombaomba akiwa na miaka 16 hataona kitu mpaka awe baba wa familia. Na pafu lenyewe halina mishipa ya kuhisi maumivu kama ngozi ilivyo. Uvimbe unaweza kukua ukafikia ukubwa wa limao bila kuuma, mpaka uguse ukuta wa kifua au uzibe njia ya hewa.

"Mbili tatu kwa siku"

Kiwanda cha sigara cha TCC kipo hapa hapa kwetu, Chang'ombe wilayani Temeke, kandokando ya Barabara ya Nyerere. Lakini mtu wa kwetu hanunui kwa pakiti. Ananunua moja moja, gengeni au kwa wale vijana wanaotembeza sigara, pipi na karanga stendi ya Rangi Tatu huku wakichezesha sarafu mkononi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji huu wa moja moja, kwa kuwa ndio unaowawezesha watoto kumudu bei. Na sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sasa nenda kasimame pale stendi nusu saa ujionee mwenyewe.

Anayenunua moja moja hujihesabu kuwa hayumo. Mwaka 2005 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya watu karibu 43,000 waliofuatiliwa tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwaka 2002, wakawatazama hasa wanaovuta sigara 1 hadi 4 tu kwa siku. Wanawake wa kundi hilo walikufa kwa saratani ya mapafu mara tano zaidi ya wenzao wasiovuta. Kwa wanaume ilikuwa karibu mara tatu, ingawa wanaume wenye kuvuta kidogo namna hiyo hawakuwa wengi, hivyo hesabu yao haina uhakika kama ile ya wanawake. Vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa karibu mara tatu kwa wote.

Jambo la kuzingatia ni kwamba miaka ina uzito kuliko idadi ya sigara. Aliyevuta kumi kwa siku kwa miaka 30 yumo katika hatari kubwa kuliko aliyevuta thelathini kwa siku kwa miaka 10, japo ukizidisha, jumla ni ile ile. Isitoshe, mwenye sigara moja huivuta kwa uchungu. Anaivuta kwa nguvu, anaibana moshi kifuani, anaimaliza mpaka karibu na kidole, na kile kipande cha mwisho ndicho chenye lami nyingi zaidi. Kichungi hakimsaidii, wala ile yenye ladha ya minti. Minti inapoza koo tu ili moshi uingie ndani zaidi.

Watu wengi hunijibu kwa habari ya babu aliyevuta kiko mpaka akafika miaka 90. Babu huyo yupo karibu kila ukoo, simkatai. Si kila mvutaji anapata saratani ya mapafu, wengi hawaipati. Wapo pia wanaovuka Barabara ya Kilwa bila kutazama kushoto wala kulia na wakafika ng'ambo salama. Hata hivyo, utafiti mwingine wa Doll, uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 tangu mwaka 1951, ulionyesha kuwa aliyeendelea kuvuta maisha yake yote alipoteza kwa wastani miaka 10 ya umri wake.

Na wale wasiovuta kabisa? Tunaishi chumba kimoja na sebule, baba, mama na watoto, dirisha moja lenye pazia. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, aliyewafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta kwa miaka 14, alionyesha kuwa walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya walioolewa na wasiovuta. Tafiti zilizofuata zimekadiria kuwa hatari ya asiyevuta anayeishi na mvutaji huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Mke hakuichagua sigara hiyo.

Kikohozi na kifua kikuu

Sasa tuje kwenye lile la pili. Mtu akija zahanati akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, amepungua uzito na anatoka jasho usiku, kitu cha kwanza tunachokiwaza ni kifua kikuu. Na tuko sahihi, kwa sababu ndicho kilichojaa mitaani kwetu na kinatibika. Sigara yenyewe inaongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu na wa kufa nacho. Kwa hiyo mvutaji anayekohoa apimwe makohozi kwanza, bila kuchelewa. Kipimo ni bure, dawa ni bure, na tiba ya kawaida ni ya miezi sita.

Tatizo ni kwamba saratani ya mapafu inavaa kanzu ile ile. Kukohoa, kukohoa damu, kukonda, kubanwa kifua, kuchoka, vyote vipo huku na huku. Hata kwenye eksirei doa la saratani linaweza kufanana na doa la kifua kikuu. Wakati mwingine makohozi hayaonyeshi vijidudu lakini dalili zipo, na mgonjwa anaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kutazama dalili na picha peke yake. Utaratibu huo unaruhusiwa na unaokoa wengi. Lakini mvutaji wa umri wa miaka 40 na kuendelea anapomeza dawa hizo miezi miwili bila kupata nafuu, asisubiri miezi sita iishe. Wala asiziache kimyakimya akaenda kutafuta dawa za kienyeji. Arudi pale pale alipoanzia aseme: "Nameza dawa kama mlivyoniagiza, sipati nafuu, na nimevuta sigara miaka kadhaa."

Zipo dalili nyingine za kututia shaka. Sauti iliyokwaruza wiki tatu bila mafua. Nimonia inayopona kisha ikarudi mahali pale pale pafuni. Uso na shingo kuvimba, hasa asubuhi. Ncha za vidole kuwa nene na kucha kujikunja kama mgongo wa kijiko. Maumivu ya bega yanayoshuka mkononi yasiyosikia dawa. Kikohozi cha siku zote kilichobadilika tabia, kwa mfano kilikuwa cha alfajiri tu, sasa ni cha kutwa. Mvutaji amekizoea kikohozi chake kiasi kwamba ni mke ndiye anayegundua kimebadilika. Mama, ukigundua, usinyamaze.

Njia ya kufuata ni hii. Zahanati au kituo cha afya watachukua makohozi, kisha watakuandikia rufaa. Kwa watu wa Temeke ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, kwa Kinondoni ni Mwananyamala. Huko utapigwa eksirei na kuonwa na daktari. Ikionekana kitu cha kutilia shaka unapelekwa kwa CT na kuchukuliwa kinyama. Ikithibitika ni saratani, tiba ya mionzi na ya dawa ipo Ocean Road, katika lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 na majengo yaliyoongezwa pembeni yake. (Katika miaka ile ile alikuwepo Dar es Salaam kwa utafiti wake Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882.) Uvimbe ukiwa mdogo na haujasambaa, upasuaji unaweza kuutoa wote. Ukishasambaa, tiba ni ya kupunguza makali na kurefusha siku. Tofauti ya hali hizo mbili mara nyingi ni ile miezi mitano ya kungojea.

Kuacha

Ramadhani kila mwaka inatuonyesha jambo ambalo wavutaji wenyewe hawalitazami. Mtu anayedai hawezi kukaa saa mbili bila sigara anakaa zaidi ya saa 13, kutoka alfajiri mpaka magharibi, siku 29 au 30 mfululizo. Kisha anafungua kwa tende moja na sigara mbili. Nikotini ina tabia ya kupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi, hivyo ikifika adhana ya magharibi iliyobaki ni kidogo sana. Kazi ngumu umeshaifanya mchana; unaibomoa usiku.

Anayetaka kuacha achague siku, iwe ndani ya mfungo au nje yake, na awaambie watu wa nyumbani. Siku tatu za mwanzo ndizo kali: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma, kula ovyo. Hamu inapokuja haidumu zaidi ya dakika chache. Maji, mswaki wa mti, kutembea kidogo, vyote vinasaidia kuipitisha. Kahawa ya kijiweni iache kwa muda, kwa sababu kahawa na sigara ni marafiki wa siku nyingi. Wiki za mwanzo unaweza kukohoa zaidi ya zamani. Usiogope, ni wale wafagiaji wamerudi kazini. Kwenye baadhi ya maduka ya dawa mjini zipo pia bazoka zenye nikotini za kupunguza makali, muulize mfamasia.

Ama anayesema kuwa kwake kumekucha, aangalie hesabu za wale madaktari wa Uingereza zilizotolewa mwaka 2004. Walioacha wakiwa na miaka 60 walipata miaka 3 zaidi ya walioendelea. Walioacha na miaka 50 walipata 6, walioacha na miaka 40 walipata 9, na walioacha na miaka 30 walipata takribani yote 10. Na kwa saratani ya mapafu, miaka 10 baada ya kuacha, hatari inashuka hadi kiasi cha nusu ya ile ya mwenzako anayeendelea.

Neno la mwisho kwa leo ni kwa wanaokuja kwetu. Wengi huficha uvutaji, hasa akiwa ni mtu anayeheshimika mtaani au ameongozana na mwanawe. Tukikuuliza, hatukuulizi ili tukuhukumu. Tuambie ulianza ukiwa na miaka mingapi, kwa siku ngapi, na uliacha lini kama uliacha. Ukiona haya mbele ya watu, omba tuzungumze faragha. Majibu hayo ndiyo yanayotufanya tuandike rufaa ya eksirei leo badala ya kukupa dawa nyingine ya kikohozi.

Toleo lijalo, Inshaallah, tutaangalia ugoro, kuberi na tambuu yenye tumbaku, na saratani ya kinywa. Wabillahi tawfiq.